Alhamisi za Taata

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nkwenda, wilayani Kyerwa, na kama walimu wengi sijui kufanya jambo bila kuliandika. Tulipoamua kwenda kwenye ile bustani ya michezo iliyofunguliwa baada ya Pasaka nje kidogo ya Bugene, nilichukua daftari nikapiga mistari. Kushoto nikaandika majina na umri, juu nikaandika saa, katikati nikajaza nani atakuwa wapi.

Deodatha, miaka mitatu: nyumba ya mpira ya kurukia, saa tatu hadi saa nne, kabla jua halijawa kali, kisha alale. Elipidius, miaka tisa: vigari vya kugongana, halafu bwawa, lakini asiingie majini akiwa ameshiba. Beata, miaka kumi na tisa, aliyemaliza kidato cha sita na kurudi nyumbani mwishoni mwa Mei: lile gurudumu kubwa linaloinua watu juu, pamoja na picha zake za simu zisizoisha. Mume wangu Yustus, ambaye hupata kizunguzungu hata akipanda kiti kubadilisha balbu: alinde mabegi. Na Taata, miaka themanini na mmoja: kivuli, kiti chenye mgongo, choo kisiwe mbali, chakula saa sita na nusu.

Taata ndivyo tunavyomwita baba huku kwetu. Baba yangu, Mzee Projestus, alikuwa anaishi nami tangu mama afariki. Miguu ilikuwa imemwishia, presha inapanda na kushuka, na Beata ndiye alikuwa anashinda naye.

"Hii ni ratiba ya mtihani wa taifa," Yustus alisema alipoliona daftari. "Umesahau kuandika saa ya kucheka, Prudensia."

Sikucheka. Kuna jambo ambalo Yustus alilijua nusu tu. Nimelelewa na baba mwema, hakutupiga, hakulewa, karo alilipa. Lakini hakuwahi kutupeleka popote. Saba Saba ikifika, watoto wa jirani walivishwa viatu wakaenda Kayanga kuangalia ngoma na kula mishikaki. Sisi tulibaki shambani tunapalilia migomba, na Taata siku hiyo haongei na mtu. Nikiwa na miaka minane niliwahi kumwomba. Aliniangalia kama mtu aliyeombwa figo, akaondoka. Sikuomba tena. Safari hii, basi, niliipanga kwa ajili ya watoto, ndiyo, lakini ukweli ni kwamba nilitaka niwe nimekwenda mahali pa furaha na baba yangu hata mara moja, kabla hajafa.

Tulikwenda Jumamosi, mwezi wa sita, shule zimefungwa. Gari la kukodi, mwendo wa saa moja na nusu, vumbi limepaka migomba ya kando ya njia rangi ya tofali. Taata alikaa mbele. Tulipokunja kona na lango la bustani likaonekana, na lile gurudumu nyuma yake, aliushika mlango wa gari kwa mikono miwili.

"Taata, unaumwa?"

"Hapana," alisema. "Ni hapa?"

"Ni hapa."



Nilikuwa nimepanga akae kwenye kibanda cha makuti, karibu na treni ya watoto. Ni treni ndogo yenye mabehewa matano yaliyopakwa rangi, inazunguka uwanja, inapita nyuma ya mikaratusi ambako huioni kwa muda wa kuhesabu kama kumi na tano, kisha inatokea upande wa pili na kurudi. Tiketi zake zilikuwa zinauzwa na mama mmoja wa makamo, mtandio wa zambarau kichwani, anaitwa Mwaja. Mumewe ana duka la vitambaa Kayanga. Alipotuona alisimama na uso ukachanua.

"Shikamoo, mzee! Leo umebadilisha siku?"

"Marahaba, mwanangu," Taata akaitika.

"Na fimbo hii ya nini? Umeumia?"

"Mguu."

"Pole sana. Na mwanao yuko wapi?"

Nilidhani ananiulizia mimi. "Mwanawe ndiye mimi, dada. Hamjambo?"

Mwaja akanitazama juu mpaka chini, kwa adabu, kama mtu anayetafuta namna ya kukosoa bila kuudhi. "Hatujambo. Nasema yule mdogo. Yule wa gauni la kijani."

Nikamwambia amefananisha, baba yangu hajawahi kufika hapa, miezi mitatu hajavuka geti la nyumbani isipokuwa kwenda hospitali. Mwaja akatabasamu tu. Akaingia kibandani, akatoka na kikombe cha plastiki, akampa Taata kwa mikono miwili. Taata akanywa. Mimi nikakichukua kikombe nikaonja, maana ana presha, sikutaka apewe soda. Yalikuwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo.

Hivyo ndivyo Taata anavyokunywa maji, kwa sababu ya meno yake. Anawaficha wageni, anaona aibu. Nyumbani tunajua sisi watano tu.

"Nani kakwambia anakunywa hivi?"

"Si mwenyewe," Mwaja alisema. "Kila Alhamisi."

Nikamgeukia Taata, nikisubiri acheke au akane. Alikuwa anaitazama treni. Akasema polepole, si kwangu, kwa Mwaja: "Leo nimekuja na hawa. Yeye hakuja."

Ratiba yangu ilivurugika hapo. Deodatha alilala saa ambayo alitakiwa kuruka, Elipidius aliingia majini na chipsi tumboni, na mimi sikuona. Nilimvizia Mwaja alipopumzika, nikamwomba anieleze kila kitu. Hakuona la ajabu katika kueleza. Mzee huja Alhamisi, tangu wiki ya kwanza. Anaingia kama saa nne, anatoka saa nane au karibu yake. Hana fimbo. Mara nyingine mtoto amekaa mabegani mwake. Binti wa miaka saba hivi, kichwa kimenyolewa, hali kitu, hata ukimpa peremende anaishika tu. Mtoto anapanda treni tu, mzee anamngoja kwenye uzio.

"Na anamwita nani? Babu?"

"Taata," Mwaja alisema. "Mimi kwetu ni pwani, lakini nimekaa huku, najua maana yake. Nilishangaa mzee wa umri ule kuitwa baba na mtoto kama yule. Lakini si kazi yangu kuuliza watu."

Nikamwendea Beata, aliyekuwa kwenye foleni ya gurudumu. Nikamuuliza babu yake huwa anafanya nini Alhamisi. Alinitazama kwa mshangao.

"Si nilikwambia, mama? Alhamisi analala kama jiwe. Akishakunywa uji tu, mpaka saa nane. Nilikwambia labda ni dawa za Jumatano."

Alikuwa ameniambia kweli. Nami nilikuwa nimemjibu kwamba wazee hulala.

Kesho yake, baada ya misa, nilimkuta Taata barazani peke yake anaota jua. Nikaketi kwenye mkeka, chini yake, kama nilivyokuwa nakaa utotoni.

"Taata, ni nani anayekuja nawe?"

Aliligeuzia jua uso. Kisha akasema, "Mimi nilidhani ni ndoto. Mpaka jana nilipoliona lile lango."

Akanieleza. Kabla yetu sisi wote, alikuwapo Adelgunda. Jina nililijua, mama alilitaja kwenye sala, harakaharaka, na tulipouliza alisema ni marehemu wa zamani. Nilidhani ni shangazi. Kumbe alikuwa mtoto wao wa kwanza. Mwaka wa sabini na nne Taata alikuwa utingo wa lori la kahawa, anakwenda Bukoba kila wiki. Kule alisikia kwamba Saba Saba zitaletwa bembea za mashine, za kuzungusha watoto. Akarudi nyumbani Bweranyange akamwahidi binti yake. Mtoto akahesabu siku kwa punje za mahindi. Tarehe tatu akashikwa na surua. Tarehe saba, saa ambayo lori lingekuwa limefika Bukoba, wakamzika.

"Gauni nilikuwa nimeshamnunulia," Taata alisema. "La kijani. Alizikwa nalo."

"Na sisi?" nilisema. Sikukusudia kusema hivyo. Nilikusudia kusema pole. "Sisi uliotuzaa baadaye, kwa nini hukutupeleka?"

"Niliogopa kuahidi."

Nilipaswa kumhurumia, na nilimhurumia. Lakini nitasema ukweli, maana nimeamua kuusema wote: kilichonichoma siku ile zaidi ya hofu kilikuwa wivu. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na mitano, mwalimu, mama wa watoto watatu, namwonea wivu mtoto aliyekufa kabla sijazaliwa, kwa sababu baba anampeleka kwenye treni kila Alhamisi.

Alhamisi iliyofuata nilipanda gari la asubuhi kwenda Bugene. Yustus nilimdanganya kwamba nakwenda kufuata nguo kwa fundi. Beata nilimwambia akae na babu yake asitoke chumbani, na simu iwe na chaji.

Saa nne kasoro nilikuwa nimesimama kwenye uzio wa treni. Watu hawakuwa wengi siku ya kazi. Jua lilikuwa limewaka, mahali pote palikuwa peupe, muziki wa watoto unapiga kwenye spika. Nikampigia Beata.

"Babu yuko wapi?"

"Amelala, mama. Niko naye hapa."

"Mshike mkono."

"Nimeshamshika. Mkono wake wa moto kidogo."

"Usiuachie," nilisema, na Mwaja, aliyekuwa amesimama pembeni yangu, akanyoosha kidevu kuelekea langoni.

"Hao wamefika."

Baba yangu alikuwa anakuja kwenye njia ya changarawe, amenyooka, hana fimbo. Hakuwa kijana. Mikunjo ilikuwa ile ile, mvi zile zile, shati lile la mistari nililolipiga pasi mwenyewe Jumanne. Mtoto alikuwa amemshika mkono, anaruka mguu mmoja, wa pili, mguu mmoja, wa pili. Sikioni kwangu Beata alikuwa anasema, "Mama? Mama, bado nimemshika."

Walifika pale niliposimama. Mdomo ukakumbuka adabu.

"Shikamoo, Taata."

"Marahaba, mama," alisema kwa upole, vile mwanamume mzee anavyomwitikia mwanamke asiyemjua. "Unasubiri watoto?"

Hakunijua. Hakuwa anaigiza. Alinitazama usoni, macho yale yale yaliyonitazama kila siku ya maisha yangu, na hakukuwa na kitu ndani yake cha kunihusu. Nilifahamu, bila kuambiwa, kwamba mahali alipokuwa yeye saa ile mimi nilikuwa sijazaliwa.

Mtoto, yeye, alikuwa ameacha kuruka. Alikuwa ananiangalia. Alikuwa na shingo nyembamba na kichwa cha duara kilichonyolewa vizuri, na nyuma ya masikio vipele vidogo vilivyokauka. Alikuwa na uso wa Deodatha wangu. Alinisubiri. Na nikaelewa anasubiri nini, kwa sababu kwetu mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, haijalishi nani amerefuka.

"Shikamoo, dada," nilisema.

"Marahaba," akaitika.

Mwaja akacheka nyuma yangu. Alidhani namtania mtoto.

"Taata," mtoto alisema, "huyu ni mdogo wangu."

Taata naye akacheka, kile kicheko cha mzazi anayemdekeza mwanawe na ambacho mimi sikuwahi kukisikia. "Ahaa! Basi kama ni mdogo wako, naye apande."

Hairuhusiwi mtu mzima kupanda treni ile, imeandikwa kwenye kibao. Mwaja aliniangalia usoni, kisha akafungua mnyororo. Nilikaa kwenye behewa la mwisho, magoti yamegusa kidevu, simu bado mkononi. Adelgunda akakaa kando yangu. Taata alibaki kwenye uzio.

Mtoto alikuwa wa moto. Joto lake lilipita kwenye gauni na kwenye kitenge changu kama vile umekaa kando ya chungu kilichoipuliwa sasa hivi. Treni ikaondoka. Hakuzungumza mpaka tulipofika nyuma ya mikaratusi, ambapo muziki unafifia.

"Wewe alikuwa anakupeleka wapi?" aliniuliza.

"Hakunipeleka popote."

Akafikiri. Nilidhani atanionea huruma. Yalikuwa maneno ya kuonewa huruma. Akasema, kwa sauti ya mtoto asiyetaka kushindwa: "Mimi nimesubiri zaidi."



Tulizunguka mara tatu. Mara ya tatu tuliposimama, sauti ya Beata ikapaa kwenye simu: "Mama, babu ameamka mapema leo! Anaomba maji." Niligeuza kichwa kuelekea kwenye uzio. Hapakuwa na mtu. Kiti kando yangu kilikuwa kitupu, na plastiki yake ilikuwa bado ya moto nilipoigusa.

"Wanatokaga haraka hivyo," Mwaja alisema. Lakini safari hii hakutabasamu. Alikuwa amesikia simu.

Nilirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni. Taata alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mito. Alimwambia Beata aende akatazame jikoni.

"Leo mlikuwa wawili," aliniambia.

"Ndiyo, Taata."

"Nilikuona. Nilijua wewe ni mtu wangu, lakini jina lako halikunijia." Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Nisamehe, Prudensia. Jina halikunijia."

Nilipanda kitandani nikalala kando yake, juu ya blanketi, na viatu vyangu. Tulikaa hivyo mpaka Yustus akaja kuuliza chakula.

Taata alifariki mwezi wa kumi, siku ya Jumatano, kwa amani. Tulimzika Bweranyange. Kabla ya mazishi nilimwomba shangazi yangu anionyeshe alipolazwa Adelgunda, naye akanipeleka mpaka kwenye mbuni wa kahawa uliozeeka, akaparua majani kwa mguu. Nikataka Taata azikwe hapo. Wanaukoo walinung'unika kwamba si mahali pa mkuu wa nyumba, lakini walikubali. Padri akasoma majina mawili. Nilimweleza Yustus kila kitu siku ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa wako pamoja, imekwisha," na mimi nikaamini.

Wiki ya tatu baada ya mazishi Mwaja alinipigia. Nilikuwa darasani, nikatoka nje.

"Mwalimu, pole kwa msiba. Nimesikia." Akasita. "Mzee haji tena. Lakini yule binti anakuja. Anakuja peke yake."

"Anafanya nini?"

"Anasimama kwenye uzio. Leo nimemuuliza anamsubiri nani. Kasema mdogo wake."

Ungefanya nini wewe? Mimi nilikwenda. Nilimwambia mwalimu mkuu nafuatilia mirathi ya marehemu. Alhamisi tatu za mwezi wa kumi na moja nilisafiri, nikapanda treni na dada yangu, tukazunguka, nikarudi. Hatukuongea sana. Aliniuliza mama alikufa na ugonjwa gani, na kama lori la kahawa bado lipo. Sikumwogopa tena. Nilianza kuingoja Alhamisi kuanzia Jumapili. Nyumbani nilikuwa napita tu. Deodatha alianza kulala na Beata, na siku moja nilisahau kabisa kwamba Elipidius alikuwa anaimba kwenye mahafali ya shule yao.

Jioni ya siku ile alinijia nikisahihisha madaftari.

"Mama, Alhamisi unakwenda na nani kwenye bembea?"

"Nani kakwambia?"

"Baba yake Ukasha wa darasani kwetu anaendesha bodaboda kule Kayanga. Kakuona umepanda treni. Ukasha kaniambia mama yako anakwenda kucheza bila ninyi." Hakuwa analia. Alikuwa na uso uliofungwa, mkavu. "Nilidhani anadanganya."

Niliweka kalamu chini. Mtoto wangu alikuwa na miaka tisa. Niliona kwamba hatauliza tena.

"Alhamisi hii nitakwenda nawe," nilisema.

Yustus alikataa. Alisema mtoto wake hatapelekwa kwa wafu, na alikuwa na haki. Tulibishana mpaka nikamwambia jambo nililokuwa nimelificha hata kwangu mwenyewe: kwamba nikienda peke yangu mara nyingine, sijui kama nitataka kurudi.  Asubuhi ya Alhamisi alimvisha Elipidius mwenyewe, akamfunga kamba za viatu ingawa mtoto anajua kujifunga.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, mabonde yote yamejaa ukungu, bustani haina watu. Adelgunda alikuwa ameshakaa kwenye behewa la mwisho. Elipidius alinibana mkono.

"Mama, yule mtoto ananiangalia."

"Unamwona?"

"Namwona. Ni nani?"

"Ni mama yako mkubwa," nilisema. "Dada yangu. Mwamkie."

Alinitazama aone kama namtania. Kisha akasogea, huyu mwanangu anayemzidi urefu kwa kichwa kizima, akasema vizuri, kama tulivyomfundisha: "Shikamoo, mama mkubwa."

Adelgunda akaziba mdomo kwa viganja. Ndiyo mara pekee niliyomwona anacheka. "Marahaba," alisema, na akajisogeza kumpa nafasi.

Nilikuwa nimekusudia kupanda nao. Lakini nafasi ilikuwa ya wawili, na nilipoweka mguu Adelgunda alitikisa kichwa. Mwaja akaniangalia, kidole kwenye swichi. Nikaondoa mguu. Treni ikaenda.

Nimezaa mara tatu na nimezika wazazi wawili, lakini sijui saa ndefu kama zile dakika. Nilisimama kwenye uzio nikihesabu. Treni ikaingia nyuma ya mikaratusi. Moja, mbili, tatu. Nilipofika kumi na tano ikatokea, vichwa viwili kwenye behewa la mwisho, vimeinamiana vinaongea. Ikazunguka. Ikaingia. Kumi na tano, vichwa viwili. Mwaja alikuwa anasoma dua chini ya pumzi. Ikaingia mara ya tatu. Nilihesabu kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Nilikuwa nimeshainua mguu kuruka uzio, ishirini, ishirini na moja, ndipo pua ya treni ikachomoza kwenye ukungu, behewa la kwanza, la pili, la tatu, la nne, na kwenye la mwisho kichwa kimoja.

Elipidius alishuka peke yake, anajifuta tope kwenye suruali.

"Ameshukia kule nyuma," alisema. "Amesema imetosha. Kaniuliza kama nina mdogo, nikasema ninaye. Kasema basi siku nyingine nimlete yeye, nisije na wewe."

"Deodatha?"

"Ndiyo. Tuje kucheza tu, kasema. Yeye hatakuwepo."

Nikamshika. Bega lake la kushoto, upande aliokaa naye, lilikuwa la moto sana. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi, ana njaa. Mwaja akatununulia chapati mbili na chai, akakataa pesa yangu, akatusindikiza mpaka barabarani. Mwaja, ambaye yuko pale kila Alhamisi, hajamwona Adelgunda tena tangu siku ile.

Elipidius alikuwa amechanjwa surua, kadi yake ninayo na niliitazama mara nyingi. Hata hivyo kwa siku kumi nilimwekea kipimajoto kwapani asubuhi na jioni, huku Yustus amesimama mlangoni. Thelathini na sita na nusu. Thelathini na sita nukta saba. Siku ya kumi na moja mtoto mwenyewe alikikataa kipimajoto, akakimbilia nje kucheza na mdogo wake, nami nikakirudisha kabatini.